Vimebaki Vitatu Tu

Tangu Pasaka, vitenge vya kijana mmoja wa Koboko "vimebaki vitatu tu". Mvua za kwanza zimepita, mahindi yamevunwa, vile vitatu viko palepale. Kila asubuhi simu yangu inalia: tangazo lilelile, saa nyekundu inayohesabu dakika kurudi nyuma, na onyo kwamba wajanja wote wa Arua wameshanunua, nimebaki mimi. Ikifika sifuri, saa inaanza upya. Natamani betri yangu nayo ingejua hivyo.

Msimcheke, kasoma. Robert Cialdini, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1984 kwamba kitu kikiadimika hupanda thamani machoni, na kwamba watu huelekea walikoelekea wenzao. Mwaka 1979 wanasaikolojia Kahneman na Tversky walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba kupoteza huuma kuliko kupata kunavyofurahisha. Kijana kayameza yote matatu kwa mkupuo mmoja, bila maji.

Ila kuna mama mmoja sokoni Arua, simu yake ya kitochi, matangazo hayajui. Ukishika kitenge chake anakuondoa mkono taratibu, anakikunja, anakisukuma chini ya meza. "Acha hicho, mwanangu, nimemwekea mwenye pesa."

Mwenye pesa! Mbele za watu! Shilingi zilitoka mfukoni zenyewe. Nikanunua viwili, na sasa mke wangu anauliza hicho kingine ni cha nani.