Afukuzwe, Kisha Nani?

Mashabiki wa New York Yankees wana kibarua kisicho na ujira: kumfukuza meneja wao, Aaron Boone. Msimu wa besiboli una mechi 162 kabla ya mtoano, kwa hiyo nafasi za kumfukuza haziishi. Timu ikifungwa Jumanne, hafai, aende zake. Ikishinda Jumatano, wachezaji wetu hodari sana.

Mwaka 2024 aliwafikisha fainali. Mechi ya tano, nyumbani, wakawa wanawaongoza Los Angeles Dodgers 5–0. Kisha, katika kipindi kimoja tu, wachezaji wao wakavurunda: Aaron Judge akadondosha mpira ambao hata mtoto angeudaka, Anthony Volpe akarusha ovyo, na Gerrit Cole hakukimbilia kituo cha kwanza. Wakalala 7–6, kombe likaenda. Mkosaji? Boone, aliyekuwa pembeni. Huenda alipaswa kuingia akaudake mwenyewe. Si meneja wa besiboli naye huvaa sare za timu? Wakubwa wa klabu, hata hivyo, walimwongezea mkataba hadi 2027.

Wazee humlilia George Steinbrenner, mmiliki wa zamani asiyebembeleza mtu. Kweli, aliachana na meneja Billy Martin mara tano. Maana yake alimrudisha mara nne, ila hilo wazee hulimeza.

Kombe la 2009 lililetwa na meneja Joe Girardi. Mwaka 2017 akazomewa katika uwanja wa nyumbani, na mwaka huohuo akaondoka. Aliyepewa nafasi yake anaitwa Aaron Boone.