Nimelipa Nauli Nikachemshwe

Jamani, shemeji yangu anaishi Kyoto, Japani. Kaka wa mke wangu kabisa. Akanishika: shem, twende Kinosaki, mji wa chemchemi za maji moto, ukapumzike, treni masaa mawili na nusu tu. Nikasema poa, kupumzika nani hajui?

Kumbe kwao kupumzika kazi. Viatu unaacha mlangoni mwa hoteli, unapewa ndala za korido. Ukikanyaga tatami, ile mikeka yao, ndala vua. Chooni nako kuna ndala za choo. Mimi nikatoka na za choo hadi kwenye chakula. Watu kimya. Shem akawa anasoma kibandiko cha chupa ya maji.

Mji una mabafu saba ya umma, na mgeni aliyelala pale anapewa pasi ya yote. Bure! Mimi na bure mnatujua. Nikavaa yukata, joho la pamba wanalotembea nalo barabarani mchana kweupe, na viatu vya mbao, ko ko ko. Nikakunja kulia juu ya kushoto. Bibi wa mapokezi akaja mbio. Hivyo wanavalishwa maiti, bwana! Akanifungua palepale mbele za watu, akanifunga upya.

Bafuni sasa. Unavua zote. ZOTE. Kabla ya kuingia majini lazima uoge. Yaani unaoga ili ukaoge! Tena umekaa kwenye kistuli kifupi kuliko mbuzi ya kukunia nazi, ubavuni mzee wa rika la baba mkwe anajisugua zake, hana habari. Nina kitaulo saizi ya leso, nacho marufuku kugusa maji. Wenyewe wanakiweka kichwani. Kichwani, wakati shida iko chini!

Maji nyuzi 42 hivi. Mimi na shem humo, uchi, tunaulizana habari za nyumbani. Mama hajambo? Hajambo. Watoto? Hawajambo. Macho darini. Ananisimulia eti mtawa Dochi Shonin aliomba siku 1,000 ndipo maji hayo yakatoka, mwaka 720. Siku elfu! Mimi hata salamu hazijaisha nimeshaiva. Natoka mwekundu, kizunguzungu, na pasi bado ina mabafu sita. Bure inaniangalia.

Ukitaka kwenda, nenda kati ya Novemba na Machi, msimu wa kaa wa Matsuba. Watamu sana, na unawala umevaa nguo.