Bosi, Tuisafishe Kidogo

Dar es Salaam hakuna mtu mwenye huruma kumshinda kijana anayekaa kwenye kompyuta ya studio ya picha. Konda hakuhurumii, foleni haikuhurumii, mwenye nyumba ndiyo kabisa. Lakini ingia studio na picha ya ukoo wako, umwambie kijana unataka itoke kwenye karatasi kama ilivyo, uone anavyokutazama. "Kama ilivyo, bosi?" Anaivuta picha mpaka pua za watu zijae kioo, anatikisa kichwa taratibu. "Tuisafishe kidogo."

Picha yenyewe niliipiga harusini Pangani, jioni, jua likizama juu ya mto. Bibi amekaa katikati kwenye kiti cha plastiki kilichovikwa kitenge, shangazi zangu wamemzunguka na sare yao ya kanga, nyuma yao wanaume, na nyuma ya wanaume Baba Mkubwa, ambaye kwa urefu wake huinama hata akiwa nje. Ni picha nzuri, nasema bila kumung'unya maneno. Umati wote ule, na macho ya kila mtu yako wazi! Nikaapa itatundikwa sebuleni kwa bibi, inchi 24 kwa 18, na haitatolewa ovyo.

"Nirushie WhatsApp," kijana akasema.

Hapo ndipo picha nyingi za nchi hii hufia. Simu yangu inapiga pikseli 4000 kwa 3000. Printi ya kushikwa mkononi hupendeza ikipata pikseli kama 300 kwa kila inchi. Ya ukutani, ambayo watu wataitazama kutoka kwenye kochi, inavumilia nusu ya hizo. Kwa hiyo inchi 24 naziweza. Ila picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa mpaka upande mrefu unabaki na pikseli kama 1600. Zitandaze hizo kwenye inchi 24, kila inchi inaambulia 67, na shangazi aliyesimama safu ya nyuma hana pua tena, ana tetesi za pua. Nikamweleza kijana kwamba nitaituma kama dokumenti, maana hapo haibanwi. Akacheka kwa adabu. Dokumenti, akasema, ni za watu wa CV, hao wako duka la pili.

Niliituma hivyohivyo, nikaomba kwanza printi ndogo ya kujaribia, 4 kwa 6. Sasa, simu nyingi hupiga picha yenye umbo la 4 kwa 3, na karatasi ya 4 kwa 6 ni ndefu kuliko umbo hilo. Ukitaka picha ijae karatasi lazima kitu kikatwe juu au chini. Kijana alikata juu. Kofia ya Baba Mkubwa, iliyodariziwa kwa mkono, ikaondoka pamoja na sehemu ya paji la uso. Nilipolalamika akaishusha picha, kofia ikarudi, na chini likapotea jina la kanga, ambalo shangazi zangu walikuwa wamelibishania mpaka nusura harusi iahirishwe. Nikamwomba basi aache ukanda mweupe pembeni, kila mtu abaki na vyake. Akakataa katakata. Ukanda mweupe, watu watasema mashine mbovu. Akashika kona ya picha kwa kipanya, akaivuta kwa upana mpaka ikaenea karatasi yote.

"Tayari, bosi. Hamna aliyekatwa."

Kweli hakuna aliyekatwa. Ila kila mtu alikuwa ameongezeka upana kwa sehemu moja ya nane, na bibi, ambaye upepo wa kusi humlazimisha kushika nguzo, alikuwa amejaa kiti. Kijana akaichapa hiyo kabla sijafungua mdomo, akaitia kwenye bahasha, akaanza kuichapa ile yenye ukanda mweupe kwa shingo upande.

Mashine yake ni ile inayochapa kwa joto, kwa utepe wa rangi, na kuitazama ni sinema ya bure. Karatasi inatoka ikiwa na manjano matupu, inarudi ndani. Inatoka tena imeongezewa wekundu, inarudi. Mara ya tatu inapata samawati, na hapo ndipo watu wanapokuwa watu. Mara ya nne inavikwa utando usio na rangi wa kuikinga na maji na vidole. Niliuona ukoo wangu ukiugua homa ya manjano, ukahamia kwenye surua, na ulipokuwa unaisubiri samawati umeme ukakatika. Kijana aliichomoa ile karatasi, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Harusi nzima ilikuwa na rangi ya papai bivu. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, kama nitaichukua kwa nusu bei.

Umeme uliporudi tukaihamia picha kubwa, na nikakuta kumbe alikuwa ameshaisafisha. Simu hujiangazia yenyewe, karatasi inategemea taa ya chumba, kwa hiyo printi hutoka imefifia kuliko ulivyoiona mkononi. Kuongeza mwanga kidogo ni haki. Yeye hakuongeza mwanga. Aliwapaka watu weupe. Shangazi yangu mkubwa, ambaye weusi wake uliwahi kuwagombanisha wachumba, alikuwa ameshahama bara.

Sikumlaumu sana, kwa sababu wazee wetu waliteswa na upande wa pili wa shida hiyohiyo. Lorna Roth, mtafiti wa Kanada, ameeleza jinsi Kodak walivyosambaza kwenye maabara za picha kadi ya kipimo yenye sura ya mwanamke mzungu, maarufu kwa jina la Shirley. Fundi alirekebisha rangi mpaka ngozi ya Shirley ikae sawa. Wengine wote shauri yao. Fungua albamu ya zamani umtafute babu yako: meno, weupe wa macho, shati. Na waliolalamika wakasikilizwa, anasema Roth, walikuwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao mbao zao na kakao zao zilitoka hazitofautiani. Kabati lilipata wakili kabla ya babu.

Huruma ya studio nayo ina nasaba ndefu. Miaka ya 1990, wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walikuwa na vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli na ndege; mtu aliyetoka bara kutafuta kazi alipigwa picha mbele ya ndege, na picha ikafika kijijini kabla ya mshahara. Lamu, Studio ya Bakor iliwakata watu kwa mkasi ikawapandikiza palipopendeza zaidi. Mteja wa pwani hajawahi kwenda studio kuambiwa ukweli. Ukweli ana kioo nyumbani.

Kubwa ilichapwa duka jingine, kwenye mashine ya wino yenye karatasi ya jora, na dada wa pale hakunisaidia kwa lolote. Nusura nimkumbatie. Ikabaki fremu. Karatasi ya kung'aa ikigusana na kioo kwenye unyevu wa pwani hunata, na siku ukiitoa, sura inabaki kwenye kioo. Dawa yake ni kadibodi iliyokatwa dirisha, ikae kati ya picha na kioo. Fundi fremu aliona ninapoteza pesa: picha imeenea vizuri, kadibodi ya nini? Nikamwonyesha picha yake mwenyewe ya harusi iliyotundikwa juu ya msumeno, yenye doa la ukungu lililommeza mpambe wa bibi harusi. Akaitazama kwa muda. "Huyo," akasema, "hata hivyo tuligombana naye."

Nikasafiri na fremu hadi Pangani nimeipakata. Bibi akaletewa miwani, akaitazama kwa makini.

"Mjukuu wangu, huyu bibi kizee aliyekonda ni nani?"

"Ni wewe, bibi."

Akanyamaza. Kisha macho yake yakaangukia bahasha iliyochungulia mfukoni mwangu, akaichomoa, na ile printi iliyovutwa ikaanguka mapajani mwake. Uso ukamchanua. Akawaita shangazi zangu, wakaja na mikono yenye unga, wakagombea kuishika. Hivi ndivyo ukoo unavyotakiwa kuonekana, wakasema. Tumenawiri. Watu watajua tunakula. Bibi akataka kujua nani kaitoa, nikamwambia ni kijana mmoja wa studio, akaniambia siku nyingine nimwachie huyo kazi yote, mimi nibebe mifuko tu.

Hiyo ndiyo iliyotundikwa sebuleni, 4 kwa 6, peke yake katikati ya ukuta mzima. Ile kubwa aliiomba Baba Mkubwa. Alisimama mbele yake, akainama kidogo, akaikagua pembe hadi pembe, akasema kwa watu wenye macho hiyo ndiyo picha: kofia imetoka yote.