Hema Lisilofunguliwa

Mwalimu wa hisabati wa Jang'ombe, Unguja, ambaye mwandishi wa makala haya anamfahamu vizuri kwa kuwa wanatumia mswaki mmoja, alikuwa na mpango uliokaa sawa kwenye karatasi. Likizo ya Juni angekwenda Shelisheli siku kumi na shanta mgongoni. Angelala kwenye hema ufukweni, angekula kwa bei ya mtaani, na baina ya kuogelea na kuogelea angetazama kama nchi ile inafaa kuhamia kikazi. Alikuwa amesikia kwamba shule za kule zimekuwa zikiajiri walimu kutoka Kenya. Ikiwa watu wa bara wanavuka maji kwenda kufundisha, mtu aliyezaliwa maji yamemzunguka pande zote atashindwaje?

Hema alilinunua Darajani, la mtumba, rangi ya chungwa, lina tundu moja tu. Shanta aliachiwa na mtalii wa Kidachi aliyemaliza safari yake Nungwi na hakutaka kuliona tena maishani. Bi mkubwa, yaani mama yake, alilizunguka shanta lile kama anayekagua ng'ombe wa Idi, kisha akauliza swali ambalo safari nzima haikulipatia jibu.

"Mwanangu, wazungu wanatoka kwao na mizigo kama hii kuja kisiwani kwetu. Wewe unatoka kisiwani, unakwenda kisiwani, kufanya nini?"

Hesabu zilikuwa upande wa Bi mkubwa. Visiwa vyote 115 vya Shelisheli ukivikusanya havifiki hata theluthi ya Unguja peke yake. Shelisheli yenyewe, kwa Kiswahili, ni tunda ambalo Bi mkubwa hulipika kwa tui la nazi bila kuhitaji pasipoti. Lakini Mwalimu naye alikuwa na hesabu zake. Nchi ile ina watu laki moja na ushei, na mwaka 2015 Benki ya Dunia iliiingiza katika kundi la nchi zenye kipato cha juu. Zanzibar ilihesabu watu karibu milioni 1.9 katika sensa ya 2022, na kila Jumatatu asubuhi robo yao walionekana kuwa wanafunzi wa darasa lake.

Hema lilianza kuleta fitina kabla ya safari. Shelisheli inajulikana kwa kutodai viza, ila msafiri huomba ruhusa ya kuingia kwa njia ya mtandao, na huko huulizwa tiketi ya kurudi, fedha za kutosha na mahali pa kulala palipothibitishwa. Kwenye malazi Mwalimu akaandika "hema". Ndipo rafiki yake mmoja aliyewahi kufika huko alipomwambia, akijizuia kucheka, kwamba nchi ile hairuhusu mtu kupiga kambi. Si ufukweni, si msituni, si popote. Mwalimu akakodi chumba katika nyumba ya wageni, akakilipia kwa maumivu, na hema akalibeba vilevile. Alishalinunua, liende likaone dunia.

Si kila mtu wa Afrika Mashariki aliyepelekwa kule aliulizwa tiketi ya kurudi. Mwaka 1899 Waingereza waliwakamata Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro wakawahamishia Shelisheli kwa gharama za serikali. Mwanga alifia huko 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi 1923, akafariki Jinja akiwa bado hajafika kwao. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekikalia kiti cha Zanzibar siku mbili tatu mwaka 1896 hadi mizinga ilipomtoa, naye alipitishwa Shelisheli na St Helena kabla ya kuachiwa aishi Mombasa. Malazi yao wote watatu yalikuwa yamethibitishwa.

Mwalimu alipitia Nairobi, na kutoka hapo ndege ilichukua kama saa tatu. Afisa wa uhamiaji alikuwa mpole. Aligonga muhuri, na Mwalimu alipoutazama akaufunika haraka kwa kiganja. Muhuri wa Shelisheli umechorwa umbo la coco de mer, ile nazi kubwa ya kwao, ambayo aliyeiumba aliipa sura ya nyonga za mwanamke bila kuacha shaka yoyote. Mawazo yakamrudisha Jang'ombe. Bi mkubwa huwa anaikagua pasipoti.

Asubuhi ya pili alitakiwa kupanda boti ya kwenda kisiwa cha Praslin. Alifika bandarini Victoria akiwa na dakika ishirini mkononi, akaikuta gati tupu na mzee mmoja anavua samaki. Shelisheli iko saa moja mbele ya Zanzibar. Simu yake ilijirekebisha yenyewe, lakini yeye ni mtu wa saa ya mkononi, na saa hiyo ilikuwa ingali inaishi Unguja. Akaenda kusimama chini ya mnara wa saa wa mjini, ule mdogo wa rangi ya fedha uliowekwa 1903, akasogeza mshale hadharani kama mwanafunzi anayesahihisha ubaoni.

Boti iliyofuata aliiwahi, na heri asingeiwahi. Juni ni msimu wa kusi, na kusi haliulizi mtu kazaliwa wapi. Mhudumu alipopita akigawa mifuko ya kutapikia, Mwalimu alimrudishia wake kwa tabasamu: yeye ni mtoto wa pwani, babu yake alikuwa baharia wa majahazi. Dakika kumi baadaye mtoto wa pwani aliomba mfuko. Baadaye kidogo akaomba na wa jirani yake, bibi mmoja wa makamo aliyekuwa akifuma kitambaa na hakukosea hata kitanzi kimoja mpaka Praslin.

Lugha nayo ilikuwa na mitego yake. Wenyeji wanazungumza Krioli, yenye asili ya Kifaransa, na mara sikio la Mswahili hunasa neno likadhani limefika nyumbani. Dereva wa basi alimuuliza, "Kote ou pe ale?" Mwalimu alisikia "kote" tu, akafurahi, akajibu kwa sauti: "Kote!" Kwani si alikuja kutembea? Dereva alirudia swali. Mwalimu akarudia jibu. Basi zima likageuka kumtazama mtu ambaye, kwa masikio yao, alikuwa akiulizwa "Wapi?" naye akijibu "Wapi!" kwa furaha kubwa. Hapo shanta lilikuwa limeziba njia, na dereva alikwisha kulitazama mara mbili. Kushuka ikawa kazi nyingine. "Shusha!" haikumshusha. Alipita vituo viwili ndipo alipomsikia mama mmoja akiita "Devan!" na basi likasimama, akashuka naye, wakaagana kama ndugu.

Njaa ilimpeleka kwenye kibanda cha wali na mchuzi, chakula cha bei nafuu kuliko vyote visiwani humo. Muuzaji akamwelekeza kwenye sufuria la mchuzi mzito wa bizari: "Sousouri." Mwalimu akauliza ni nini. Muuzaji akapiga mikono kama mabawa. Kuku, akawaza Mwalimu, na sahani ilikuwa inapakuliwa pale kundi la popo wakubwa lilipokatiza angani na muuzaji akawanyooshea kidole kwa fahari. Mwalimu akala wali na samaki.

Lakini kisa chenyewe kilikuwa Vallée de Mai. Ni bonde la Praslin lenye msitu wa minazi ya coco de mer, lililoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1983. Jenerali Gordon wa Uingereza alilitembelea 1881 akatoka na imani kwamba ndiyo Bustani ya Edeni, na ule mnazi ndio mti wenye tunda lililomponza Adamu. Mwalimu aliyasoma mabango yote, neno kwa neno, maana kiingilio kilikuwa kimemuuma na alitaka thamani ya kila rupia. Akiwa amesimama chini ya mnazi, mikono nyuma, shati limechomekewa, alijiwa na mama mmoja mtalii na mumewe. Wakamuuliza tunda hili hukomaa kwa muda gani.

Mwalimu ni mwalimu. Akijua jibu, hawezi kunyamaza. Akawaeleza kwamba huchukua miaka sita hadi saba. Wakauliza lingine. Akawaeleza kwamba mti huu huota wenyewe Praslin na kisiwa jirani cha Curieuse tu, kwamba mbegu yake ndiyo kubwa kuliko zote duniani na hupita kilo 15, kwamba kuna mnazi dume na mnazi jike, na kwamba mtu hawezi kutoka na nazi hiyo nchini bila kibali. Kufika hapo walikuwa wamekusanyika watu tisa. Akawapa na hesabu ya kichwani: mti usubiri miaka kama ishirini na tano kabla ya kuzaa, tunda nalo miaka saba, aliyeupanda akiwa na miaka thelathini atakula nazi yake akiwa na umri gani? Mzee mmoja akajibu sawasawa na akapigiwa makofi.

Mwisho mama yule akamtilia mkononi noti ya rupia 100, akamshukuru na kuondoka.

Mwalimu alibaki ameishika noti ile kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Kibali chake kilikuwa cha mgeni, na mgeni haruhusiwi kufanya kazi. Sasa alikuwa amefanya kazi, tena katika Bustani ya Edeni. Alimfuata mama yule na mumewe hadi mlangoni, basi lao likawa limeondoka, na noti akaitumbukiza katika sanduku la michango ya kuhifadhi msitu huku akitazama nyuma.

Toka hapo ikawa kama kalaaniwa. Katika nyumba ya wageni, wageni wawili walimwomba taulo, na kwa kuwa Mzanzibari hajui kumnyima mgeni, alikwenda kuwatafutia. La Digue, kisiwa ambacho baiskeli ni nyingi kuliko magari, kijana mmoja aliyeungua jua alimkabidhi baiskeli, akamwambia breki ya nyuma haishiki, akaenda zake. Ilibidi Mwalimu aisukume baiskeli hiyo huku akisukuma na yake, akiulizia duka hadi duka ni ya nani. Waliompokea bila kumwagiza kitu ni kobe wakubwa wa kisiwani pale, wa ukoo mmoja na wale wa Changuu mbele ya Mji Mkongwe. Mababu wa kobe wa Changuu walikuja kama zawadi ya gavana wa Shelisheli mwaka 1919. Wamelowea Zanzibar zaidi ya miaka mia, wanalishwa mchicha na watalii, na hakuna aliyewahi kuwadai kibali.

Siku ya nane alivaa shati lililopigwa pasi kwa kulaliwa chini ya godoro, akachukua bahasha ya vyeti na kwenda kwenye shule moja ya Mahé, kisiwa kikuu. Katibu muhtasi alivipitia vyeti kwa heshima, cheti kwa cheti.

"Vyeti vizuri sana," alisema. "Lakini wewe ni mtalii."

Akamweleza taratibu, na Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba zina mantiki. Kibali cha kazi cha mgeni, kinachojulikana kwa herufi tatu, GOP, huombwa na mwajiri, si na mfanyakazi. Mwajiri aonyeshe kwanza kwamba mwenyeji wa kuifanya kazi hiyo hakupatikana. Arudi kwao, aangalie matangazo, aombe kutoka huko. Mwalimu alitaka kumwambia habari ya taulo, na baiskeli, na wanafunzi tisa wa bondeni. Akanyamaza. Katibu akamtakia likizo njema.

Alasiri hiyo alipanda milima ya Sans Souci hadi kwenye magofu ya Venn's Town, palipokuwa na shule ya wamisionari kuanzia 1876. Wanafunzi wake walikuwa watoto ambao wao au wazazi wao walitolewa na manowari za Waingereza katika majahazi ya watumwa baharini kwetu huku. Soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilikuwa limefungwa miaka mitatu tu kabla. Mwalimu alikaa kwenye msingi wa kilichokuwa darasa. Hakutoa mzaha wowote hapo, na huyu anayeandika hatamtungia.

Usiku wa mwisho mwenye nyumba ya wageni alimwandalia ladob: shelisheli lililopikwa kwa tui, sukari, vanila na kungumanga. Mwalimu alionja, akafumba macho, akajiona yuko jikoni kwa Bi mkubwa. Yule mama akacheka, akamwambia wenyeji husema kwamba aliyekula shelisheli visiwani mwao hana budi kurudi. Mwalimu akaongeza sahani, kwa sababu za kikazi.

Uwanja wa ndege wa Zanzibar alipokewa kwa shangwe. "Jambo rafiki! Hakuna matata! Teksi, dola ishirini!" Mwalimu aligeuka na lile jicho la siku ya mtihani. Kijana akarudi nyuma hatua mbili.

"Ah, Mwalimu! Shikamoo. Nisamehe, nimeliona shanta tu."

Bei ilishuka, ingawa haikufika pale inapostahili. Kijana yule aliwahi kupewa sifuri ya aljebra na bado anaikumbuka.

Hema hatimaye limefunguliwa. Liko uani Jang'ombe, limetandazwa chini, Bi mkubwa analianikia dagaa, na lile tundu limezibwa kwa kiraka cha kanga. Maombi ya kazi yamekwenda, majibu hayajaja. Pasipoti alijaribu kuificha ndani ya Kamusi, lakini ilionekana siku ya tatu. Bi mkubwa aliukazia macho ule muhuri, akaugeuza juu chini, akamtazama mwanawe, akaifunga pasipoti bila neno.

Jioni akamwekea sahani ya shelisheli la nazi. Mwalimu, akitaka kubadilisha mazungumzo, alimsimulia ile habari ya anayekula shelisheli kule kwamba hurudi.

"Kumbe," alisema Bi mkubwa, akimsogezea bakuli lote. "Basi kula na la huku."

Mwalimu alikula sahani mbili, ileile idadi aliyokula kule, ili asipendelee upande.