Kwa Heshima ya Ya Tatu Bure

Imekuwa desturi ya watu wasio na shukrani kusema kwamba ofa za supamaketi ni mtego. Husema hivyo watu walewale ambao ukifungua kabati lililo chini ya sinki lao, utakuta chupa sita za sabuni ya kuoshea vyombo zenye harufu ya ndimu, na nyuma yake nyingine nne ambazo rangi yake imeshaanza kupauka. Siwalaumu kwa kuwa nazo. Nawalaumu kwa kuzificha mgeni anapokuja.

Mimi sizifichi. Nakusudia kueleza hapa, kwa utulivu na kwa ushahidi, kwamba ofa imetutendea hisani ambayo benki, chama na hata mashauri ya wazee yameshindwa kututendea: imeyafanya matumizi yetu yawe akiba. Chamani, ukitaka kuweka akiba, sharti utoe pesa na usinunue kitu. Supamaketini unaweka akiba huku ukinunua, na kadiri unavyonunua zaidi ndivyo akiba inavyozidi. Sijui kwa nini jambo hili halifundishwi shuleni.

Ichukue risiti yoyote uisome kwa makini. Juu kuna jina la duka na tawi lake, kisha orodha ndefu, kisha jumla, kisha ushuru wa VAT wa asilimia 16. Chini kabisa, mahali ambapo mtu mwenye pupa hafiki, kuna mstari mmoja mnyenyekevu: umeokoa shilingi 412. Mteja asiyefunzwa husoma jumla akafadhaika. Mteja aliyefunzwa hushuka moja kwa moja hadi kwenye mstari ule. Aliyeingia dukani kutafuta chumvi akatoka na risiti ya namna hiyo, ametengeneza shilingi 412 kwa muda wa saa mbili, bila mtaji wowote ila zile shilingi 3,800 alizokuwa nazo. Anitajie mtu biashara nyingine Nairobi inayolipa hivyo bila leseni ya kaunti. Chumvi, naam, haikuwa kwenye ofa wiki hiyo, kwa hiyo haikununuliwa, na ndivyo ilivyopasa.

Ulinganishe utaratibu huu na ule wa mama mboga. Unanunua nyanya za shilingi hamsini, naye anakutazama usoni, anachukua mbili nyingine na kuzitupia juu ya fungu lako. Basi. Hakuna kibandiko, hakuna kadi, hakuna tangazo kwenye kipaza sauti. Usiku unakula mchuzi bila hata kufahamu kwamba umefadhiliwa. Tena anakuuzia vitunguu viwili ukitaka viwili! Kwenye kibanda jirani unapimiwa mafuta kwa kikombe na majani ya chai kwa pakiti ya shilingi kumi, kiasi cha kutosha leo na kesho asubuhi. Nawahurumia kwa dhati wanaoishi hivyo, maana kabati zao ni tupu na chakula chao huliwa chote. Hawajapata kamwe ile hadhi ya kumiliki lita tisa za siki.

Lakini uzuri wa ofa haujulikani vyema mpaka uitazame kwa karibu, na hapa naomba msomaji asinikimbize. Shika mkononi zile chupa mbili za losheni, kubwa na ndogo, zilizofungwa pamoja kwa seloteipu. Ile ndogo ndiyo zawadi. Seloteipu imezungushwa mara nne au tano, ikapita juu ya maandishi yanayoeleza jinsi ya kutumia na juu ya tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa uangalifu unaoonyesha kwamba aliyeifunga alipenda kazi yake. Haifunguki kwa kucha. Haifunguki kwa funguo. Hufunguka kwa meno, na ikitoka hutoka na karatasi yote ya chupa, hata mtu akabaki na vyombo viwili vyeupe visivyo na jina. Miezi mitatu baadaye hakuna nyumbani anayejua kipi kilikuwa cha nywele na kipi cha miguu, na familia nzima hulazimika kushauriana. Ni mazungumzo mangapi mengine ya pamoja tuliyobaki nayo katika nyumba hizi za simu?

Pia kuna kikombe cha plastiki kinachokuja na sabuni ya unga. Wapo wanaokidharau. Mimi najua kwamba nyumba iliyofuata ofa hizo kwa uaminifu inaweza kuandaa matanga ya watu mia bila kuazima hata kikombe kimoja kwa majirani, na kwamba chai inayonywewa humo hubaki na harufu nyepesi ya usafi ambayo huwezi kuinunua kwa bei ya kawaida.

Kuna wanaojiita watetezi wa mlaji, ambao hudai kwamba wananchi wangependelea bei moja ya kweli, ya chini, isiyobadilika, bila kelele. Jambo hilo limejaribiwa. Mwaka 2012, huko Marekani, kampuni ya maduka ya JCPenney ilikuwa na mkuu mpya, Ron Johnson, aliyetoka Apple akiwa na sifa kubwa. Aliamua kufuta kuponi na mapunguzo ya kila wiki. Shati lililokuwa likiandikwa bei ya juu, kisha bei hiyo ikikatwa kwa wino mwekundu hadi nusu, sasa liliandikwa ile nusu tangu asubuhi. Wateja wakaondoka. Mauzo ya mwaka huo yalishuka kwa takriban robo nzima. Aprili 2013 Johnson akaachishwa kazi, na kuponi zikarudishwa kwa heshima zake. Watu wale hawakunyimwa bei nafuu. Walinyimwa ushindi. Mtu hataki tu shati la dola kumi. Anataka kujua kwamba kuna mwenziwe mahali fulani aliyelinunua kwa ishirini. Furaha hiyo, ambayo ni safi na haimdhuru yeyote, ofa peke yake ndiyo huitoa, na ukiiondoa, dukani hubaki bidhaa tu.

Lazima hata hivyo ofa iwe na kiasi. Mwaka 1992 kampuni ya Hoover, tawi la Uingereza, iliahidi tiketi mbili za ndege za kwenda na kurudi kwa kila atakayenunua bidhaa yake ya angalau pauni 100. Ahadi ilipofikishwa hadi safari za Marekani, watu walikimbilia madukani wakanunua mashine za kufyonzea vumbi wasizozihitaji, kwa maelfu. Hadi hapo mambo yalikwenda vyema kabisa. Kosa la kampuni ni kwamba zawadi yenyewe ilikuwa na thamani. Wateja waliidai, wakaenda mahakamani, na hasara ikafika karibu pauni milioni 50. Ofa iliyokomaa huahidi kikombe cha plastiki, nayo hutimiza.

Aibu kubwa zaidi, hata hivyo, ilitoka kwa mteja. Mwaka 1999 mhandisi mmoja wa California, David Phillips, alisoma masharti ya ofa ya vyakula vya Healthy Choice mpaka mwisho, jambo ambalo muungwana halifanyi. Akagundua kwamba vikombe vidogo vya pudini vya bei ya chini kabisa vilihesabiwa sawa na vyakula ghali katika kugawa maili za ndege. Alinunua vikombe 12,150 kwa takriban dola 3,140, akapata zaidi ya maili milioni moja za kusafiria. Na ile pudini? Akaitoa sadaka, na waliopokea wakamsaidia kubandua lebo za kudaia maili. Magazeti yalimsifu. Mimi naona alivunja adabu: aliingia katika ofa akiwa na hesabu, akatoka na faida. Kama sote tungefanya hivyo, hakuna ofa ambayo ingedumu hadi Jumapili.

Sisi wa hapa, nashukuru kusema, hatuna tabia hiyo. Tunajua kwamba bei ya 199 ni ya mia na kitu, wala haihusiani na mia mbili, na ile shilingi moja ya chenji ikigeuka peremende tunaitia mdomoni bila maswali. Tunajua kwamba kibandiko chekundu hakibanduliwi. Wapo wenye kucha za uchokozi ambao hukibandua wakaikuta bei ya zamani chini yake, ikiwa ni ileile au pungufu kidogo, kisha humwita meneja. Wamepata nini? Wameharibu kibandiko, na foleni nzima nyuma yao imepoteza amani ya moyo.

Foleni yenyewe inastahili neno. Mwisho wa mwezi, ofa zikiwa nyingi, mtu husimama na troli yake kwa muda unaomtosha kutafakari maisha, akimsikiliza aliye mbele yake akibishana kwamba rafu ilisema 145 na mashine inasema 180. Keshia humwita mwenzake, mwenzake huenda hadi kwenye rafu na kurudi na taarifa kwamba ofa ni ya ile yenye kifuniko cha bluu. Wote walio kwenye foleni hutazama vifuniko vyao. Hapo watu wasiofahamiana, wa makabila na dini mbalimbali, huwa kitu kimoja.

Na ofa hututembeza. Bila hiyo mtu angenunua sukari kwenye duka la karibu na kwao na kufa bila kuujua mji wake. Nimewajua watu waliopanda matatu mbili kwenda na mbili kurudi ili kuokoa shilingi thelathini kwenye unga wa kilo mbili, na waliporudi jioni walikuwa na habari za barabara mpya, ajali, na bei za mitaa ya mbali ambazo wanasiasa wetu wenyewe hawazijui.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mlaji haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidi bidhaa na huduma kikamilifu. Hakuna sehemu ya Katiba inayotekelezwa kwa bidii kama hiyo. Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya adhana na kabla ya jogoo, simu hutetemeka: Mpendwa Mteja, leo tu. Nani mwingine anayekuita mpendwa saa hizo? Watoto wako walio mjini hawakumbuki kupiga hata Jumapili. Duka linakumbuka, na likisahau asubuhi hutuma tena adhuhuri.

Kuhusu kadi ya pointi nitasema kidogo, maana manufaa yake yanaeleweka na wote. Unatumia pesa, unapewa pointi. Pointi zinakaa mpaka ziwe nyingi, na zikishakuwa nyingi huonekana ni dhambi kuzitumia. Hizo ni mali zisizoibika. Wakenya wengi hadi leo wana kadi za Nakumatt ndani ya droo au mikoba yao, ilhali duka lenyewe liliingia mikononi mwa msimamizi mwaka 2018 na miaka miwili baadaye wadai wakaamua lifungwe kabisa. Kadi haina hata mkwaruzo. Ni vitu vichache vya siku hizi vinavyodumu kuliko aliyevitengeneza.

Mke wangu, ambaye ni mtu wa busara katika mambo mengine yote, aliniuliza juzi akiwa mlangoni, "Baba watoto, hizi ndoo tatu za nini?" Nilimweleza kwamba ni mbili, ya tatu ni bure. Alinyamaza kwa muda mrefu, na ninaamini hoja ilimwingia, kwa sababu hakuuliza tena hata nilipoleta mifuko ya kubebea. Hiyo nayo ni baraka ya pekee: tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017, kila ofa humletea mtu mfuko mpya wa kununua, na sasa tuna mmoja mkubwa wa kuhifadhia mingine yote.

Naandika haya Alhamisi, na namwomba msomaji anisamehe nikikatiza hapa. Ofa ya nepi inaisha Jumapili au mzigo utakapokwisha, na inasemekana tawi la Thika Road limebakiwa na katoni chache. Ni pakiti nne kwa bei ya tatu, na pakiti ya vitambaa vya kupangusia watoto imefungwa juu kwa seloteipu. Kitindamimba wetu yuko kidato cha tatu, lakini bei kama hii haitarudi tena mwaka huu, na ukubwa wa namba tano, kwa mujibu wa kipeperushi nilicho nacho, umepunguzwa zaidi ya mwingine wote.