Jinsi ya Kununua Shimesikio na Usisikie

Mzee wangu wa Singida, uliyechoka kuambiwa "nimeshasema mara tatu", na wewe mwanawe uliyeko Dar es Salaam unayetaka kumtumia baba shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, kabla ya sikukuu: mwongozo huu ni wenu. Mkiufuata vizuri, fedha zitakwisha na uziwi utabaki palepale.

Kwanza kabisa, msiende kupimwa. Mzee akienda kupimwa ataingizwa kwenye chumba kidogo kisichopitisha kelele, atavishwa spika za masikioni, na ataambiwa abonyeze kitufe kila asikiapo mlio, hata uwe hafifu vipi. Akitoka atapewa karatasi yenye mistari miwili: viduara vyekundu vya sikio la kulia, alama za X za bluu za sikio la kushoto. Karatasi hiyo ni hatari, kwa sababu inaonyesha ni sauti zipi hasa zimepotea na kwa kiasi gani, na mwenye nayo ni vigumu kumuuzia takataka.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni daktari kuchungulia sikioni akakuta nta imejaa mpaka mlangoni. Ataitoa siku hiyohiyo, mzee atasikia, na zile fedha za alizeti zitabaki mfukoni bila kazi. Akikuta usaha ni balaa nyingine, maana atataka kuutibu kwanza.

Tena ataulizwa alifanya kazi gani. Hapo italazimu kuitaja ile miaka kwenye mashine ya kukamua alizeti, au kando ya makarasha ya kusaga mawe kule kwenye machimbo ya dhahabu ya Londoni, na jinsi alivyokuwa akijisifu kwamba kelele ameshaizoea. Sikio halizoei kelele. Chembe za ndani zinazopokea sauti zikifa hazioti tena, na mtu anayedhani amezoea mara nyingi ni yule ambaye zimeshaanza kumfia.

Kwa hiyo, badala ya hospitali, nendeni duka la simu. Pale mtapata kidude cha rangi ya ngozi chenye kigurudumu cha kuongezea sauti, bei ya kutupa, hakuna maswali. Kidude hicho hakibagui. Kitaongeza sauti ya mjukuu, ya bodaboda, ya sufuria zinazogongana jikoni na ya mbuzi anayelia nyuma ya nyumba, zote sawasawa. Kigurudumu kikizungushwa hadi mwisho, kinaweza kuumiza hata ule usikivu kidogo uliobaki. Kama hata hiyo bei ni kubwa, rithini shimesikio ya marehemu babu mkubwa. Shimesikio za kisasa hurekebishwa kwa kompyuta kufuata kipimo cha mwenyewe, hivyo kuvaa ya marehemu bila kuirekebisha upya ni sawa na kuvaa miwani ya jirani. Lakini familia itafurahi kwamba kitu hakikupotea.

Tuseme mmekaidi, mmefika kwa mtaalamu, na mzee amewekewa mezani shimesikio mbili alinganishe. Msivunjike moyo, bado kuna njia nyingi za kukosea. Iliyo bora ni kuzijaribu palepale ofisini. Mlango umefungwa, feni imezimwa, mtaalamu amekaa mbele yake anatamka neno mojamoja: "Mzee, unanisikia?" Atasikia kila kitu! Atasikia hata kama kifaa hakina betri, maana macho yamekuwa yakisoma midomo ya watu kwa miaka bila mwenyewe kujua.

Msikubali kamwe kifaa kipelekwe sokoni. Uziwi wa uzee na wa kelele huanza kwa kula sauti nyembamba: s, t, f, sh, ch. Irabu ndizo hubaki. Ndiyo maana mzee anasikia kwamba mtu anaongea ila haelewi anachosema, na badala ya kukiri kwamba hasikii huwakaripia watoto kwamba siku hizi wanaongea kwa kumung'unya maneno. Sasa tuseme mmemsimamisha mbele ya tenga la kuku wa kienyeji, makonda wanaita abiria, mashine ya kusaga inanguruma jirani, aulize bei ya jogoo. Elfu kumi na sita au elfu kumi na tisa? Kwa sikio lililopoteza s na t, sita na tisa zote ni i na a tu. Akitoa kumi na tisa, muuzaji hatakuwa na haraka ya kumsahihisha. Sijui kipimo kikali kuliko hicho. Kifaa kinachomwezesha mzee kutofautisha sita na tisa huku ameangalia kuku, si mdomo wa muuzaji, hicho kimefaulu. Kisichoweza kirudi mezani kikarekebishwe, na kisipojirudi kiachwe.

Halafu upepo. Singida ina upepo ambao watu wa umeme wamekuwa wakiupigia hesabu kwa miaka, na upepo huo ukipita juu ya kimaikrofoni kilicho nyuma ya sikio huvuma kama mtu anakupulizia. Vifaa vingine vina programu ya kuupunguza, vingine havina, na ofisini vyote ni kimya. Ukitoka nje ukasimama dakika tano karibu na Ziwa Kindai utajua umepewa kipi. Usitoke.

Wala msijaribu kwa Kinyaturu. Kama mzee nyumbani anaongea Kinyaturu, lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana, mjaribuni kwa Kiswahili cha ofisini pekee. Mkewe na wajukuu watagundua mengine baadaye.

Kwenye kulinganisha, chagueni yenye sauti kubwa. Kifaa kilichozidi kingine kwa sauti kidogo tu huonekana bora kwa dakika kumi za kwanza, na ndiyo maana mtaalamu makini husawazisha vyote viwili kabla ya kuuliza. Au chagueni kilicho kidogo kabisa, wakwe wasikione. Aibu hiyo siielewi: Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya kupungukiwa usikivu, kwa hiyo mzee hayuko peke yake. Vile vidogo sana mara nyingi hutumia betri namba 10, ndogo kuliko punje ya hindi, na kuiingiza kwa vidole vilivyoshika jembe miaka hamsini ni kazi ya mjukuu kila wiki. Ya nyuma ya sikio yenye betri namba 13, ile ya kibandiko cha rangi ya chungwa, hushikika.

Tukiwa kwenye betri: bandueni vibandiko vyote siku mliyonunua, mwone kama ni nzima. Betri hizi huamka zikipata hewa, na zikishaamka haziwezi kulazwa tena. Pakiti nzima itakufa kabatini.

Wiki ya kwanza mzee atasikia anavyotafuna, kandambili zake, na mvua juu ya mabati kana kwamba ni mara ya kwanza kunyesha. Atakasirika. Mwacheni akivue kifaa na kukitia kwenye droo. Msimwambie kwamba ubongo uliozoea kimya huhitaji wiki kadhaa, aanze kwa saa chache kwa siku nyumbani, kisha aongeze. Kikipiga mluzi, msirudi kuomba kile kipande kinachoingia sikioni kitengenezwe upya kwa umbo la sikio lake. Semeni tu kwamba kimeharibika.

Na kwa yeyote ambaye mwongozo huu umemkera: anzieni hospitali ya rufaa ya mkoa, wachungulie nta na usaha, wawaelekeze. Mkielekezwa mbele zaidi, Hospitali ya Benjamin Mkapa iko Dodoma, kilomita kama 240 kwa lami kutoka Singida mjini. Kabla ya kulipa ulizeni kama mnaweza kujaribu kifaa kwa wiki kadhaa na kukirudisha, nani atakirekebisha, na betri zitapatikana wapi. Wakati mnasubiri miadi, zimeni redio mnapoongea na baba, kaeni mbele yake penye mwanga, na mtamke polepole bila kupiga kelele.