Seti ya Klachi na Masaibu ya Fundi wa Nyumbani

Pikipiki ya theluji ni chombo chenye ski mbili mbele na mnyororo mpana wa mpira nyuma, na ingawa Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Quebec, aliyeanza kuuza Ski-Doo mwaka 1959, alikusudia kuwarahisishia watu safari za majira ya baridi, wako wamiliki wengi Kanada na kaskazini mwa Marekani ambao majira hayo huwaishia gerejini, hasa baada ya kununua seti ya klachi. Seti hiyo huja katika kifurushi kidogo, pamoja na karatasi ya maelekezo ambayo, kwa utulivu wa lugha yake, yaelekea iliandikwa na mtu asiyewahi kudondosha skrubu maishani.

Klachi ya chombo hiki haina pedali. Ni puli mbili zilizounganishwa na mkanda, kila puli ikiwa na sahani mbili zinazosogeleana na kuachana. Puli ya kwanza, iliyofungwa kwenye mhimili wa injini, ina vyuma vidogo vya uzito ambavyo hutupwa nje kadiri mzunguko unavyoongezeka, vikazibana sahani na kuupandisha mkanda, huku springi ikipingana navyo ili chombo kisiondoke mapema. Puli ya pili ina springi yake na heliksi, yaani kipande chenye mteremko wa kuzunguka unaoamua jinsi puli hiyo inavyofunguka na kujifunga. Anayenunua seti hununua mchanganyiko mpya wa springi, vyuma na heliksi, uliokusudiwa kuiweka injini kwenye mizunguko inayotoa nguvu nyingi zaidi, ambayo kwa injini nyingi za mipigo miwili ni karibu 8,000 kwa dakika.

Masaibu huanza kwenye kuitoa puli ya kwanza, kwa sababu imekaa kwenye ncha ya mhimili iliyochongwa ikapungua unene kuelekea nje, nayo huing'ang'ania ncha hiyo hata baada ya boliti yake kufunguliwa. Fundi wa nyumbani huingiza boliti ndefu ya kung'olea, hukaza, hupiga kwa nyundo, hukaza tena, kisha hukumbuka mbinu ya wakongwe, ambayo ni kujaza maji tunduni na kuirudisha boliti, ili maji, yasiyokubali kushindiliwa, yaisukume puli itoke. Mbinu hiyo hufaulu, ila haipigi hodi: puli huachia kwa mshindo unaoamsha mbwa wa jirani, na maji huchagua kumrukia usoni mtu aliyesimama katika baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri.

Puli ikishatoka, kuna mfuniko unaoizuia springi iliyobanwa, na skrubu zake hutakiwa zilegezwe kwa zamu, kidogo kidogo, mfuniko ukiwa umeshikiliwa. Anayezifungua kwa pupa huiona springi ikienda zake chini ya meza ya kazi, na hapo ndipo mtaka cha mvunguni huinama kwelikweli, tochi ikiwa mdomoni. Akishaipata, kwa furaha ya ushindi huurudisha mfuniko bila kuangalia alama za kiwandani zinazopaswa kuelekeana, akaja kushangaa kwa nini chombo kinatetemeka, ilhali sehemu hizo zilisawazishwa uzito zikiwa pamoja.

Kosa jingine hutokana na wema. Fundi aliyezoea kupaka grisi kila kinachozunguka huzipaka pia sahani za puli, asijue kwamba mkanda hushika kwa msuguano, na kwamba uso wenye mafuta huufanya uteleze, upate moto na hatimaye ukatike mbali na nyumbani, ambako mwendo uliobaki ni wa miguu.

Kichekesho kikubwa zaidi ni cha mwinuko. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 30 ya nguvu zake katika kimo cha mita 3,000, hivyo seti ya milima ya Colorado huwa na vyuma vyepesi. Anayeifunga kwenye tambarare za Minnesota kwa kuwa aliuziwa kwa bei nafuu hupata injini inayopiga kelele kupita kiasi chake, na majirani humpongeza kwa kasi ambayo iko masikioni tu.

Matunzo yenyewe hayana makuu. Vumbi jeusi la mkanda hupulizwa kwa hewa, sahani husafishwa zikabaki kavu, bushi na rola hukaguliwa zisilegee, mkanda mpya huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni na kuendeshwa kwa upole katika kilomita 50 za mwanzo, na ulegevu wake hupimwa, kwani ukikaza mno chombo hujisogeza chenyewe hata injini ikiwa imetulia, tabia isiyofaa mbele ya ukuta.

Basi, msomaji mwenye seti mkononi na abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, aandike alichobadilisha na mizunguko aliyoipata, na asitoke nyumbani bila mkanda wa akiba, kwa maana chombo hiki hakina gurudumu hata moja la kukisukumia kurudi.